Sifuri Isiyo Sifuri: Uchambuzi wa Kisa cha Programu ya Udhibiti Iliyolala Kazini

Ripoti ya wiki ya programu ya udhibiti, ile ambayo wazazi huweka kwenye simu ya mtoto, ilikuwa safi. Wastani wa matumizi: dakika 52 kwa siku. Tovuti zilizozuiwa: 0. Matumizi baada ya saa 3 usiku: 0. Wiki hiyohiyo mtoto mwenye simu alikuwa akisinzia mchana, na bando la gigabaiti 10 lililonunuliwa liishe na mwezi lilikata siku ya 11. Wazazi walidhani simu ina ugonjwa wa kula data. Wakaongeza bando.

Kisa hiki ni cha mfano. Hakuna nyumba inayotajwa kwa kuwa si moja: kila tundu lililomo humu hujirudia katika simu nyingi, na hapa yamewekwa kwenye simu moja ili ionekane jinsi moja linavyofungulia jingine. Mtoto ana miaka 12 na miezi mitano. Simu ni ya Android 12, amerithi kwa baba yake. Programu ya udhibiti ni ya kampuni binafsi, hulipiwa kwa mwaka. Jina lake halina uzito, maana karibu programu zote za aina hiyo zimejengwa kwa vifaa vilevile.

Mpangaji katika nyumba ya watu

Baba alifuta picha zake, akaacha akaunti yake ya Google ndani ya simu "ili asianze upya", kisha akasakinisha programu ya udhibiti juu yake. Kosa la kwanza liko hapo, kabla hata ya programu kufunguliwa. Kwa Play Store, mwenye simu hiyo bado ni mtu mzima. Hakuna ombi la ruhusa litakalokwenda kwa mzazi, kwa kuwa aliyeingia ndiye mzazi.

Programu iliomba ruhusa kubwa sita: kuwa msimamizi wa kifaa (ili isiondolewe kirahisi), huduma ya ufikivu (ili ione kilichopo kwenye skrini na kukifunika), takwimu za matumizi (kuhesabu dakika), kusoma arifa (kufuatilia ujumbe), kuendesha VPN ya ndani ya simu, yaani njia moja ambayo intaneti yote hupitishwa (kuchuja tovuti), na mahali simu ilipo. Ukiitazama orodha hiyo vizuri, hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya udhibiti wa watoto. Huduma ya ufikivu iliundwa kwa wasioona na wenye ulemavu wa viungo. VPN iliundwa kwa kuunganisha watu na mitandao ya kazini. Programu ya udhibiti ni mpangaji aliyeazima funguo za vyumba mbalimbali. Mwenye nyumba ni mfumo wa Android, na mwenye nyumba anaweza kuchukua ufunguo wowote bila kuaga.

Kuna jambo la ziada. Toleo la programu lililoko Play Store halikuweza kusoma SMS, kwa sababu Oktoba 2018 Google ilitangaza kuwa ruhusa za SMS na kumbukumbu za simu zitabaki kwa programu zilizochaguliwa kuwa za msingi kwa kazi hiyo, na mwaka 2019 zisizotimiza sharti zikaanza kuondolewa. Kampuni nyingi zilijibu kwa kuweka "toleo kamili" kwenye tovuti zao. Baba alichukua hilo. Ili kulisakinisha alikiruhusu kivinjari cha Chrome kusakinisha programu za nje, na maelekezo yakamtaka azime Play Protect, kikaguzi cha Google cha programu hatari. Alifanya yote mawili, programu ikaingia, na hakuna aliyerudi kufunga mlango. Tangu Android 8 ruhusa hiyo hutolewa kwa programu moja moja, na ikishatolewa hubaki. Kwa hiyo kuanzia siku hiyo mtoto aliweza kupakua faili la APK (kifurushi cha kusakinishia programu nje ya Play Store) kwa Chrome na kulisakinisha. Kifaa kilicholetwa kulinda ndicho kilichofungua mlango wa nyuma.

Ushahidi uliokuwa mfukoni muda wote

Ripoti ya programu si shahidi pekee. Simu ina wahesabu wake, na hawa ndio wa kuulizwa kwanza. Kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya matumizi ya data, programu ya video ilikuwa imetumia gigabaiti 7.4 kwa siku 11. Video ya ubora wa 480p hula kati ya nusu gigabaiti na gigabaiti 0.7 hivi kwa saa. Hesabu ni rahisi: kati ya saa 10 na 15 za kutazama. Ripoti ya programu ya udhibiti ilisema saa 2 na dakika 20.

Shahidi wa pili ni sehemu ya Android inayopima matumizi ya kila siku na mara ngapi skrini imefunguliwa. Jumatano moja ilionyesha saa 3 na dakika 5 za video. Ripoti ilionyesha dakika 18. Shahidi wa tatu ni grafu ya betri: mstari ulioshuka mfululizo kati ya saa 4 na saa 7 usiku, kisha ukapanda alfajiri. Simu iliyolala haishuki hivyo.

Sasa rudi kwenye ripoti. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu, kuliandikwa "imesasishwa mwisho: jana, 2:14 usiku". Baada ya hapo programu haikutuma chochote, na grafu ikachora saa zote zilizofuata kama sifuri. Hapa ndipo kiini cha kisa chote. Sifuri ya "hakutumia" na sifuri ya "sikuona" zilichorwa kwa rangi moja na urefu mmoja. Mzazi anayesoma grafu hana njia ya kuzitofautisha, na kwa kawaida atachagua ile inayompa usingizi.

Kwa nini ililala

Sababu ya kwanza haikuhitaji ujanja wowote wa mtoto. Watengenezaji wa simu hushindana kwa muda wa betri, hivyo huweka mfumo unaoua programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia skrini ikizimwa kwa muda. Programu ya udhibiti, ambayo mtoto haifungui kamwe, ndiyo inayofanana zaidi na programu isiyohitajika. Mfumo uliiua kila usiku, na skrini ilipowashwa tena programu haikuamka mpaka mtu aifungue au simu iwashwe upya. Kumbukumbu za matumizi Android huzihifadhi kwa siku kadhaa, kwa hiyo programu iliyoandikwa kwa uangalifu ingezisoma ikiamka na kuziba pengo. Hii haikuzisoma.

Tiba hutofautiana kwa chapa, na hapa wengi huishia nusu njia. Kwenye Android ya kawaida unaingia mipangilio, programu, unaichagua, betri, kisha unaondoa vikwazo. Kwenye Samsung kuna pia orodha ya programu zisizolazwa kamwe, ndani ya mipangilio ya betri chini ya vikomo vya matumizi ya nyuma. Kwenye Xiaomi, bila kuruhusu kujiwasha yenyewe, mengine yote hayatoshi. Huawei ina ukurasa wa kuanzisha programu: unaiondoa kwenye usimamizi wa moja kwa moja na kuwasha swichi zote tatu kwa mkono. Mfumo ukipata toleo jipya, rudi ukague. Masasisho makubwa yamezoea kurudisha mipangilio ya betri kama ilivyokuwa.

Sababu ya pili ilihitaji mtoto mwenye udadisi wa kawaida tu. Simu nyingi za Android zina hali salama: unabonyeza kitufe cha kuwasha, unashikilia kwa kidole neno la kuzima kwenye skrini mpaka swali litokee, unakubali. Simu huwaka ikiwa na programu zilizokuja nayo kiwandani pekee. Programu zote zilizosakinishwa baadaye hazifanyi kazi, na programu ya udhibiti ni mojawapo. Chrome ilikuja na simu. Programu ya video ilikuja na simu. Mtoto alichohitaji usiku kilikuwepo chote, bila mlinzi. Asubuhi anawasha upya simu na mlinzi anarudi kazini akiwa hana habari. Baadhi ya programu hutuma tahadhari zikigundua zilizimwa muda mrefu, lakini tahadhari hiyo hufanana na ya simu iliyoishiwa chaji, na mzazi aliyepokea kumi za namna hiyo huacha kuzisoma.

Vipi kuhusu ule ulinzi wa kuwa msimamizi wa kifaa? Ni kweli kwamba ukiwa hai, programu haiondoki na kitufe cha kuilazimisha isimame huwa hakibonyezeki. Ila kuuzima ulinzi wenyewe ni swichi moja katika mipangilio. Kinachoizuia swichi hiyo ni huduma ya ufikivu: mtoto akifungua ukurasa huo, programu inamrusha nje. Kwenye hali salama huduma hiyo haipo, na swichi iko wazi. Ulinzi mmoja umeegemea mwingine, na wa chini kabisa umeegemea hewa.

Kiti kimoja cha VPN

Kichujio cha tovuti kilikuwa VPN ya ndani: maombi yote ya intaneti yalipitia kwenye programu, nayo ikalinganisha majina ya tovuti na orodha yake. Android inaruhusu VPN moja tu kwa wakati mmoja kwa kila mtumiaji. Mtoto alisakinisha VPN ya bure, faili la APK alilolipakua kwa Chrome kupitia kiungo alichotumiwa na mwenzake kwa ajili ya mchezo. Alipoiwasha, ile ya udhibiti ilikatwa papo hapo. Hakuna kitu kilichovunjwa wala kudukuliwa. Kiti ni kimoja, na aliyekuja mwisho amekaa.

Lililowapotosha wazazi zaidi ni alama ya ufunguo juu ya skrini. Walishaambiwa kwamba ufunguo ukionekana, kichujio kinafanya kazi. Ufunguo ulionekana. Alama ni ileile kwa VPN yoyote. Ili kujua ni ya nani lazima ushushe pazia la arifa au uingie kwenye ukurasa wa VPN na usome jina.

Android ina chaguo la kuifanya VPN iwake daima na kuzuia muunganisho wowote usiopitia humo. Liwashe, linasaidia, ila kwenye simu hii ukurasa wenyewe haukuwa na namba ya siri, na mtoto mwenye dakika mbili anaufikia. VPN ya bure kutoka chanzo kisichojulikana nayo ina balaa lake: sasa safari zote za mtoto kwenye intaneti zinapita kwa mtu ambaye hakuna mzazi aliyemchunguza. Tatizo limekuwa kubwa kuliko lile lililokusudiwa kuzuiwa.

Hata kichujio kikiwa hai, kinaona kidogo. Kurasa nyingi leo hufungwa kwa usimbaji wa HTTPS, hivyo kilicho nje kinaweza kujua jina la tovuti lakini si ukurasa wala maneno yaliyomo. Jukwaa la video lenye maudhui yasiyohesabika ni jina moja tu. Ama ulifungue lote, ama ulifunge lote. Makundi ya "afya", "michezo" na "watu wazima" yanayopendeza kwenye matangazo hupangwa kwa tovuti nzima nzima, na maudhui mengi yanayowasumbua wazazi hayakai kwenye tovuti mbaya. Yanakaa ndani ya tovuti za kawaida.

Family Link, huduma ya Google ya mzazi kusimamia akaunti na simu ya mtoto, nayo ina mipaka yake hapa, na ni vyema kuijua kabla ya kuikimbilia: kichujio chake cha tovuti hufanya kazi ndani ya Chrome. Kivinjari kingine hakikitambui, wala kidirisha cha intaneti kinachofunguka ndani ya programu nyingine. Mchezo wenye kiungo cha "masharti ya matumizi" unaweza kuwa mlango: kiungo hufungua ukurasa, ukurasa una kiungo kingine, na baada ya kubonyeza mara nne mtoto yuko kwenye ukurasa wa kutafuta.

Kinachosomwa ni arifa, si mazungumzo

Wazazi walilipa zaidi kwa ajili ya "ufuatiliaji wa WhatsApp". Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa usimbaji kutoka simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, na programu nyingine ndani ya simu haina ruhusa ya kufungua hifadhi yake. Iliyobaki ni njia mbili za pembeni: kusoma arifa zinazojitokeza, au kusoma skrini kwa huduma ya ufikivu wakati mazungumzo yamefunguliwa.

Arifa huleta yanayoingia tu. Aliyoandika mtoto hayamo. Picha huonekana kama neno "picha", sauti kama muda wa sauti. Kundi lililonyamazishwa na kuwekwa kwenye kumbukumbu halitoi arifa. Mazungumzo yaliyofungwa kwa kufuli, chaguo ambalo WhatsApp ililileta Mei 2023, huficha jina na maneno kwenye arifa. Picha ya kutazamwa mara moja inapotea baada ya kufunguliwa. Na mazungumzo mengi ya ndani ya michezo hayatoi arifa ya mfumo, wakati ndiko watoto wa umri huu wanakoongea na wasiowajua.

Orodha ya maneno hatari iliyokuja na programu ilikuwa ya Kiingereza. Mtoto anaandika Kiswahili cha simu: "xaxa", "cjui", nusu neno na vikaragosi vitatu. Katika wiki sita programu ilipiga kengele mara nne, zote kwa utani wa darasani. Baada ya ya tatu mama alizima arifa za kengele. Ndivyo kengele zinavyokufa mahali popote.

Kulikuwa pia na kompyuta ya nyumbani. Mtoto aliiunganisha na WhatsApp yake kwa msimbo wa QR, kazi ya sekunde ishirini. Kifaa kilichounganishwa huendelea hata simu ikiwa imezimwa, mradi simu isikae zaidi ya siku 14 bila kutumika. Saa 3 usiku simu inajifunga kama ilivyopangwa. Mazungumzo yanahamia mezani.

(Tukiwa hapo: akaunti ya kawaida ya WhatsApp inataka miaka 13. Huyu ana 12. Wazazi walijua, wakaona programu ya udhibiti inatosha kuziba hiyo miezi.)

Siri ya pili

Kilichovunja ukimya si ripoti. Ni mtoto mwenyewe, baada ya wiki tatu za kunyamaza. Mtu aliyekutana naye kwenye mchezo alimwomba wahamie WhatsApp, akawa mkarimu, kisha akaanza kuomba picha. Mtoto alijua kwamba hilo si sawa tangu ombi la kwanza. Kwa nini wiki tatu?

Kwa sababu kulisema kulikuwa na maana ya kusema na VPN, na hali salama, na kompyuta. Mtoto aliyekwepa ulinzi ana siri mbili, na ya pili ndiyo inayomfunga mdomo kuhusu ya kwanza. Aliyekuwa akimwomba picha alilifahamu hilo vizuri. Kumwambia mtoto "wazazi wako watakunyang'anya simu" ni mbinu kongwe. Mipaka mingine yote ya programu hizi ni ya kiufundi na ina tiba za kiufundi, nzuri au mbaya. Huu hauna. Kadiri adhabu ya kukwepa inavyokuwa kubwa, ndivyo bei ya kuomba msaada inavyopanda.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Central Florida walilikuta jambo la karibu na hili mwaka 2018, waliposoma maoni ya watoto kuhusu programu hizi kwenye Play Store. Sehemu kubwa ya watoto walizipa nyota chache, wakilalamikia kubanwa kupita kiasi na kuingiliwa faragha. Mtu mzima anaweza kucheka kwamba mfungwa ameichukia jela. Ila malalamiko hayo yanaeleza hasa mtoto anafanya nini akipata tatizo: anatafuta mtu mwingine, au hatafuti.

Hatua za kwanza zilizochukuliwa ni hizi, kwa mpangilio huu: mazungumzo hayakufutwa, picha za skrini zilichukuliwa zikionyesha namba na tarehe, akaunti ya mtu huyo iliripotiwa ndani ya WhatsApp na ndani ya mchezo, kisha tu ikazuiwa, na nakala zikapelekwa polisi. Wengi hugeuza mpangilio, wanazuia na kufuta kwanza kwa hasira, na ushahidi unaondoka.

Marekebisho

Programu ya kulipia iliondolewa. Sababu moja ilikuwa kushindwa kwake, nyingine ilikuwa kile ilichokuwa inakusanya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulichunguza programu 46 za udhibiti wa wazazi za Android na kukuta asilimia 72 zinapeleka data kwa kampuni nyingine bila kuzitaja katika sera zao za faragha, na asilimia 11 zinasafirisha taarifa binafsi bila usimbaji. Mwaka 2018 seva za programu iitwayo TeenSafe zilikutwa wazi kwenye intaneti zikiwa na barua pepe za wazazi, na barua pepe na nywila za akaunti za Apple za watoto, zikiwa maandishi matupu. Kabla ya kumweka mtoto kwenye dashibodi (ukurasa ambao mzazi husomea ripoti), uliza nani mwingine ana ufunguo wa dashibodi.

Simu iliwekwa upya kama ilivyotoka kiwandani. Picha zilihamishwa kwanza, akaunti ya baba ikaondolewa kabla ya kufuta ili ulinzi dhidi ya wizi usije ukaidai baadaye. Mama alifungua akaunti ya mtoto kupitia Family Link kwenye simu yake mwenyewe, kwa tarehe halisi ya kuzaliwa. Ukidanganya mwaka mfumo unamhesabu mtoto kuwa mkubwa na kila kitu kilichobaki kinaporomoka. Simu ya mtoto ikawashwa kwa akaunti hiyo ikiwa ya kwanza na ya pekee. Tofauti na mpangaji wa awali, usimamizi huu umo ndani ya huduma za Google zilizokuja na simu, hivyo hauuawi na kibana betri na hauondoki kama programu ya kawaida. Kazi yote ilichukua takribani saa moja.

Ndani ya Family Link kuna ukurasa wa kifaa ambao wazazi wengi hawaufikii. Humo walizima programu kutoka vyanzo visivyojulikana, chaguo za wasanidi (mipangilio ya watengeneza programu), na uwezo wa kuongeza watumiaji wengine. Kwenye Play Store waliweka kila upakuaji usubiri idhini. Angalizo: idhini inahusu upakuaji mpya. Programu iliyowahi kusakinishwa kwenye akaunti ileile inaweza kurudishwa bila ombi, na masasisho hayaombi kitu. Usichokitaka kirudi kizuie kwa jina.

Kuchuja tovuti waliweka tabaka la chini lakini pana: DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani yake. Tangu Android 9 kuna DNS ya faragha kwenye mipangilio ya mtandao. Unachagua kuandika jina la mtoa huduma na kuweka family.cloudflare-dns.com. Kwenye ruta ziliwekwa namba 1.1.1.3 na 1.0.0.3 za huduma hiyohiyo ya Cloudflare, ambazo huzuia maudhui ya watu wazima na programu hasidi. Inafanya kazi kwa Wi-Fi na kwa bando, haigombanii kiti cha VPN, na hailipiwi. Udhaifu wake: mtoto anaweza kuibadilisha kwenye mipangilio, na kivinjari chenye DNS yake ya siri kinaikwepa. Ni wavu wa kuzuia bahati mbaya, haumzuii aliyekusudia.

Walijaribu pia kuifunga simu kwenye ruta kwa anwani yake ya MAC, namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, kila usiku. Iliachwa baada ya siku mbili. Kuanzia Android 10 na iOS 14 ya iPhone, simu hujitambulisha kwa kila mtandao kwa anwani ya kubuni, na mtumiaji anaweza kuibadilisha. Ruta ikaiona simu ileile kama mgeni.

WhatsApp ilibaki, kwa masharti: orodha ya vifaa vilivyounganishwa ilisafishwa, kuongezwa kwenye makundi kukawekwa kwa watu walio kwenye anwani zake tu, simu za wasiojulikana zikanyamazishwa. Kwenye mchezo, mazungumzo yaliachwa kwa marafiki waliokubaliwa. Mipangilio hii ya ndani ya programu ilizuia zaidi kuliko miezi ya kusoma arifa, kwa kuwa inaendeshwa na yule anayeyaona mazungumzo yenyewe.

Kuhusu usiku, hakuna programu iliyotumika. Saa 3 simu na kompyuta zinachajiwa chumbani kwa wazazi, zao wenyewe zikiwa hapohapo. Waya wa chaja hauna hali salama.

Swali la "si afadhali tununue iPhone" liliulizwa. Screen Time, udhibiti wa Apple wenyewe uliokuja na iOS 12 mwaka 2018, imo ndani ya mfumo na hivyo haina matatizo ya mpangaji. Lakini nayo ilikwepwa mapema kwa kubadilisha saa ya simu, na mwaka 2023 Apple ilikiri hitilafu iliyorudisha nyuma mipangilio ya muda wa kupumzika bila mzazi kujua. Sifuri ileile, kwenye simu ya bei kubwa.

Majaribio ya nusu saa

Baada ya kila badiliko wazazi walijaribu wenyewe, wakiwa na simu ya mtoto mkononi na mtoto amekaa pembeni akijua kinachofanyika:

- Zima skrini, iache usiku mzima, kisha asubuhi ifungue na utazame saa ya usasishaji wa mwisho kwenye simu ya mzazi. Ikibaki ya jana baada ya dakika kumi, kuna kitu kinaua huduma.
- Ingia hali salama. Jaribu video na kivinjari baada ya muda wa kikomo.
- Zima Wi-Fi, tumia bando, fungua tovuti inayopaswa kuzuiwa. Fanya hivyo kwenye Chrome, kwenye kivinjari kingine, na kwa kiungo kilichotumwa ndani ya mazungumzo.
- Weka hali ya ndege, kisha ifunge simu kutoka kwa mzazi. Haitajifunga, kwa kuwa amri mpya husafiri kwa intaneti. Vikomo vilivyowekwa kabla vinapaswa kuendelea; hakikisha.

Jaribio la tatu lilifeli kwenye kivinjari cha pili. Kikazuiwa kwa jina.

Kila Jumapili kuna dakika kumi na tano za kulinganisha namba tatu, pamoja na mtoto: dakika za Family Link, gigabaiti za kipima data, na grafu ya betri. Zikipishana kidogo si neno, maana kila mhesabu ana kanuni zake. Zikipishana kwa masaa, swali la kwanza linaelekezwa kwa simu, si kwa mtoto: nini kilizima?

Yapo yaliyobaki wazi na wazazi wanayajua. Simu ya mwenzake haina kikomo chochote. Dashibodi haisemi lolote kuhusu anachotazama ndani ya dakika 40 za video alizoruhusiwa. Na miezi saba ijayo anatimiza 13, umri ambao nchi nyingi akaunti ya Google huacha kuhesabiwa ya mtoto na masharti ya usimamizi hubadilika. Wameshaandika kwenye karatasi ukutani ni vikomo vipi vitalegezwa mwezi upi, kuanzia na idhini ya kupakua michezo, na kikomo cha usiku kimewekwa cha mwisho.